Wifi Aliyetangulia na Mzee Mwavuli

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa chama chetu cha michezo. Bwana mwenye ukumbi, uliyekubali kuzima mashine zako za gemu jioni ya leo ingawa tunajua roho inakuuma. Ndugu wapinzani wetu wa ukumbi wa ng'ambo ya barabara, mlioitikia mwaliko bila kinyongo. Kaka yangu mpendwa, mume wa tunayemuaga. Mabibi na mabwana. Kama kuna niliyemsahau, naomba tukubaliane kwamba itifaki imezingatiwa, ingawa namwona Bonge amekalia kiti cha mgeni rasmi, na mgeni rasmi mwenyewe ameegemea friji ya soda.

Tumekusanyika kumuaga wifi yangu. Wengi wenu mnamjua kama mfamasia, yule anayekurudisha dirishani kukuuliza tena, "Haya, niambie mwenyewe, utakunywa mara ngapi kwa siku?" Keshokutwa anahamia kituo kipya cha kazi, mji wa mbali, pamoja na kaka. Mimi naoka mikate, Bonge ni fundi vioo, na sisi watatu ndio timu ya ukumbi huu, nami ndiye nahodha. Wifi hapendi kabisa kusifiwa hadharani, kwa hiyo leo nitamkomesha.

Kwa wageni wasioijua gemu yetu, niseme kwa ufupi. Timu ina wapiganaji watatu, kila mmoja wetu na wake, na kabla ya pambano nahodha humtajia mwamuzi mpangilio: nani anatangulia, nani anafuata, nani wa mwisho. Akianguka wa kwanza, anaingia wa pili. Chini ya skrini kuna mstari wa nguvu, unaojaa kidogo kidogo kadiri mtu anavyopiga na kukinga. Ukijaa, unaweza kuumwaga wote katika pigo moja kubwa. Na anayeanguka humwachia mwenzake chochote kilichobaki humo.

Sasa, wifi alimchagua nani? Kati ya mashujaa wote wenye vifua kama milango, alimchagua kizee mwenye mwavuli, anayetembea kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Tukampa jina la Mzee Mwavuli. Ngumi yake ni ya kufukuzia nzi. Hata pigo lake kubwa, mstari ukiwa umejaa, ni kuufungua mwavuli na kumsukuma mtu kando. Tulimsihi wifi abadilishe, akatujibu, "Mimi nimempenda huyu. Hana makeke." Basi nikampanga mwisho, kama wanavyofanya wote wenye mpiganaji dhaifu, nikimwomba Mungu tusimfikie. Tukawa tunamfikia kila mara, jamani.

Siku moja Bonge alicheleweshwa na kioo cha mteja, na wifi alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo akaomba atangulie ili awahi kazini. Akatangulia, akapigwa, akachukua mkoba wake akaenda zake. Nikakaa mimi, nikatupa jicho chini ya skrini: mstari umejaa pomoni. Mnajua nilifanya nini? Nilimwita mwenye ukumbi nikamwambia mashine yake imeharibika! Naye, bila hata kubisha, akaizima. Kesho yake tukahamia mashine nyingine, wifi akatangulia tena, mambo yakawa yale yale. Akaitwa fundi, akaifungua mpaka utumbo ukawa nje. Wifi alipoingia na kukuta nyaya sakafuni, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwacheni huyo fundi akanywe chai," akasema. "Mashine ni nzima. Ni mzee wangu huyo. Kila akikinga na ule mwavuli, mstari unapanda upesi kuliko kwa mpiganaji mwingine yeyote. Yeye hana cha kuufanyia, lakini nyie mnacho."

Tangu hapo mpangilio wetu haukubadilika: wifi kwanza, mimi wa pili, Bonge mwisho. Lakini je, ndugu zangu, tumewahi kujiuliza ni kazi ya namna gani hiyo? Ni kukaa kitini ukumbi ungali umetulia na macho yote yako kwako, kupokea kipigo huku ukikinga na kukinga, kisha kuinuka wakati skrini nzima inawaka kwa maandishi mekundu, AMESHINDWA, ili mwenzako aje ashangiliwe. Nani kati yetu angeikubali kazi hiyo kwa mwezi mmoja, achilia mbali miaka?

Ndugu zetu wa ng'ambo, mnaikumbuka fainali. Msijifanye mmesahau. Mpiganaji wenu wa kwanza alikuwa amebakiwa na pumzi ya kuazima, na mstari wa wifi ulikuwa umejaa. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama unapiga kelele, "Achia! Achia!" Pigo moja tu, angeshinda. Hakuachia. Aliendelea kukinga mpaka akaanguka, na watu wakamzomea, wengine wa ukumbi huu huu. Nilipokaa nikaikuta nguvu yote, haijaguswa, nikawaangusha wawili. Bonge akamaliza wa tatu. Nikabebwa juu juu hadi barabarani. Nilipomuuliza wifi kwa nini hakuachia, alisema, "Ningeshinda mmoja, halafu wewe ukakuta patupu. Ingetusaidia nini?" Picha ya siku ile iko pale ukutani: mimi na kombe, Bonge na tumbo lake, na pembeni kabisa mkono wa wifi umeshika mikoba yetu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsaidia kufungasha vyombo. Akaniambia huku anakunja magazeti, "Haya wifi, sasa mtapata mtu wa kushinda." Nikacheka, maana mawifi tunataniana. Yeye hakucheka. Alikuwa anasema kweli. Nilishika sahani nisijue niiweke wapi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, siwezi kumwacha mtu huyu aondoke akiamini kwamba tulikuwa tunambeba. Wifi, nakuambia mbele ya mumeo na mbele ya tuliowashinda: hakuna pigo langu hata moja lililoshangiliwa humu ndani ambalo halikuanzia mikononi mwako. Nakushukuru. Nakushukuru kwa kila jioni uliyozomewa kwa ajili yangu ukaja kesho yake. Nakupenda sana, wifi, na hilo silisemi kwa utani.

Nawashukuru wote mliokuja, na nawashukuru kwa kunivumilia nikiongea muda wote huu bila kuniashiria nikae. Wageni wetu wa ng'ambo wamekubali pambano moja la kuagana, hivyo mwenye ukumbi, tafadhali washa mashine. Mwamuzi, pokea mpangilio. Natangulia mimi, na Mzee Mwavuli. Bonge atafuata, na ameapa hatagusa mstari. Wa mwisho ni wifi, na shujaa wangu mimi, na nguvu yote tutakayomjazia. Wifi, usiweke akiba. Leo hakuna anayekuja nyuma yako.

Nanyi, ndugu zangu, nikishaanguka na skrini ikawa nyekundu, nawaomba msimame mnipigie makofi, ili wifi asikie makofi yake yanavyolia.