Msindikizaji Aliyepewa Kiti cha Rubani

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Aprili, alfajiri, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa fundi saa na mkewe mshonaji. Kaka yake, anayesoma maneno haya mbele yenu, alikuwa na miaka mitano. Alimchungulia mtoto, akamuuliza mama, "Huyu mnamrudisha lini?" Nyumba nzima ilicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli, kisha sekondari ya ufundi. Kaka alijitesa na vitabu akaambulia nafasi ya kumi na tisa. Mdogo alisoma huku akipiga mluzi, akawa wa tatu. Walimu walimpenda. Mbwa wa majirani walimpenda. Inachosha kuishi na mtu wa namna hiyo.

Baada ya shule aliajiriwa katika duka la viatu, akapima miguu ya wateja kwa miaka miwili, na aliridhika kabisa. Aliyetamani kuruka alikuwa kaka, ambaye tangu utotoni alizitambua ndege kwa mlio tu. Vita vilipoingia mwaka wa pili, jeshi la anga lilitangaza nafasi. Tarehe 12 Januari kaka alikwenda kupimwa, na mdogo wake akaomba ruhusa dukani ili amsindikize. Daktari alimpima kaka sikio la kushoto, akatikisa kichwa, akafunga faili. Kisha akamtazama aliyekaa kwenye benchi.

"Na wewe?"

"Mimi nimemsindikiza kaka tu."

"Panda mizani."

Ndivyo alivyopata jina la Msindikizaji huko kambini. Kaka alirudi nyumbani peke yake, akasema kichwa kinamuuma. Kilichomuuma ni wivu. Dada yao, aliyechapa wasifu huu kwa mashine, alipofika hapa aliuliza, "Kaka, huu ni wasifu wake au wako?" Aliambiwa aendelee kuchapa.

Ndoa hakujaliwa. Alikuwa amemchumbia muuguzi wa zahanati, aliyeketi safu ya mbele, na harusi ilipangwa Desemba. Kuhusu ugonjwa hakuna cha kusoma. Hata mafua yalimpita pembeni.

Likizo yake ya mwisho ilianza tarehe 20 Mei. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo mlezi aliyeandikwa kwenye karatasi za jeshi alikuwa kaka. Siku ya pili marehemu alimwita kaka kwenye chumba walimokulia, akafunga mlango.

"Kaka, mimi naogopa. Ndege ikilala upande nikikata kona, najikuta nimefumba macho. Mkuu wa kikosi amesema mlezi akiandika barua, watanihamishia karakana."

"Watu wanakililia kiti hicho, wewe unataka kukitupa? Siandiki."

"Basi, kaka. Yaishe."

Hakuomba tena. Mama hajawahi kusikia habari hii. Anaisikia sasa, pamoja nanyi. Kaka angeweza kusema alikataa ili kumtia moyo kijana. Ingekuwa uongo. Hakuweza kuvumilia kuona kitu alichonyimwa yeye kikirudishwa kama kiatu kisichotosha.

Jumanne, tarehe 9 Juni, saa tatu na dakika kumi asubuhi, marehemu alipaa kwa mazoezi, akiwa peke yake kwa mara ya pili. Alipokata kona ya mwisho kurudi uwanjani, ndege ilipoteza mwendo ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Ameacha mama, dada, mchumba na kaka mmoja. Asubuhi hii askari walipolibeba jeneza na watu wote wakasimama kwa heshima, kaka huyo alimwonea wivu tena. Hata leo. Mungu amlaze mdogo mahali pema, na mama, akiweza, amsamehe mkubwa.