Alama Kwenye Kadi ya Damu

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya duka la kufulia nguo, mtaa wa Sycamore, na wenyewe tuko watatu. Wendell tunamwita Gavana, ingawa hajawahi kuongoza hata foleni. Kazi yake ni kuziandikia ofisi za jimbo barua zisizojibiwa. Otis ni Boksi, kama boksi la barua, maana ni tarishi mstaafu wa posta. Mimi Earline wananiita Kisigino, maana nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi na nimechoma visigino vya nusu ya watoto wa mji huu, matone matano kwenye kadi ya karatasi, wapimwe magonjwa. Jumamosi ile Gavana alikuja na gazeti: kadi zile hazitupwi, jimbo linazitunza ghalani miaka mia.

— Miaka mia, Boksi! Hata nyama ya kwenye friji haimalizi mwaka.

— Watakufyatua wewe kama tofali kwa damu hiyo, Gavana. Ukifa leo, kesho wanatoa mwingine.

— Wa nini, na huyu mmoja tumeshamchoka? nikasema.

— Chekeni tu. Kadi hizo wanawauzia watu wa bima. Mtoto hajaota meno, wao wanajua figo zake zitakufa lini.

— Bima kitu gani! Hiyo ni safari ya mwezini. Wanachagua mapema nani apande, nani abaki huku aungue.

— Wewe Boksi, kwa goti lako bovu, umebaki tayari.

— Kisigino, wewe ulikuwa wodini. Sema, Boksi akaniambia.

— Kadi ina visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mama akikubali itunzwe kwa utafiti, panawekwa alama kwenye ndiyo. Akikataa, inateketezwa baada ya vipimo. Halazimishwi mtu.

Nilisema kwa ile sauti yangu ya wodini, wakanigeukia wote wawili. Nikajiona mtu.

Hapo akatoka dukani Danelle, mjukuu wa marehemu Odessa wa kwaya yetu, kapu la nguo kiunoni. Alikuwa ametusikia kupitia mlangoni. Akaweka kapu chini, akatoa bahasha.

— Samahani, Bi Earline. Niliomba kadi ya binti yangu Nyla iteketezwe. Kaka yangu yuko jela, mnajua. Sitaki siku polisi wakitafuta mtu wa ukoo wetu, waanzie kwenye damu ya mtoto wa miaka minne. Wamenijibu kwamba nilikubali mwenyewe, na matone mengine yalishakwenda kwa watafiti, hayarudi. Nakala ya kadi hii hapa.

— Si ulikubali? Boksi akauliza.

— Nilijifungua kwa kupasuliwa, mjomba. Siku mbili nilikuwa sijijui. Nani kaweka alama hii?

Gavana akainyakua.

— Mashine! Siku hizi kuna mashine za kuweka alama.

— Mashine gani? Boksi akasema. Hiyo kalamu ya mtu. Nimesoma miandiko ya watu miaka thelathini.

Mimi nilikuwa nimeshaiona. Mkia mrefu unaotoka nje ya kisanduku, ni mkono wangu. Gari la kuchukua kadi lilikuwa likifika kila siku saa nane mchana, na kadi isiyo na alama yoyote ilikuwa ikirudishwa wodini na makaripio. Basi mama akiwa amelala, nilimwekea alama ya ndiyo mwenyewe. Na wengi walikuwa wamelala. Aibu ilinishika, na kwa kweli nilitaka kusema sijui.

— Ni mimi, nikasema.

— Wewe? Wewe uliyemwosha bibi yangu alipofariki?

— Mimi, mwanangu. Sikukuamsha. Nilijiambia ni karatasi tu, mama gani atakataa kusaidia watoto wa wenzake?

— Mimi ningekataa.

— Najua. Nisamehe. Nitaandika leo hii, nitie sahihi, kwamba hukuulizwa.

Danelle hakulia wala hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliikunja nakala, akairudisha kwenye bahasha, akabeba kapu lake.

— Ya Nyla utaandika. Asante. Na wale wengine, Bi Earline? Ni wangapi?

Mimi niliutazama mtaa mzima, nyumba hii na ile, nisijue nianzie mlango gani.