Bomba la Korongoni na Ile Mbili Nukta Tisa

Benchi letu liko nje ya hadiwea ya Githinji, duka la vifaa vya ujenzi, kwenye barabara ya Kathiani, pale mji wa Machakos unapoishia na mashamba yanapoanza. Kavutha huweka jiko lake pembeni na kuuza kahawa ya tangawizi, na mimi natengeneza redio hapo hapo chini ya kibaraza. Githinji tunamwita Inchi, kwa sababu hawezi kukutajia kitu bila kukipima. Aloys ni Eksirei. Alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini hadi akastaafu, na tangu hapo kila ugonjwa anaujua. Musili ni Mbunge. Hajawahi kupigiwa kura, lakini hawezi kuongea akiwa ameketi. Mwaka huo wa elfu mbili ulikuwa wa kiangazi kibaya na stima ya zamu, kwa hivyo mchana redio zangu zilinyamaza na mimi nikabaki kusikiliza watu. Ndipo alasiri moja Wathome, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaja akakaa bila kusalimia. Hiyo si tabia yake.

— Mwenyekiti, nikuwekee kahawa? Kavutha akamuuliza.

— Weka. Halafu mtu aniambie. Fundi akisema bomba imebaki mbili nukta tisa, amesema nini?

Bomba lenyewe tulilijua sote. Linatoa maji kwenye tangi la mlimani, linashuka chini ya ardhi, likifika korongoni linatoka nje na kuvuka hewani, kisha linaingia tena ardhini kuja kwenye zahanati na mifereji ya mtaa. Liliwekwa na watu wa mradi zamani, Wathome akiwa bado kijana. Asubuhi ile fundi alikuwa ametoka Nairobi kulipima, kwa sababu lilikuwa limeanza kutoa jasho kwenye viungo.

— Alipima na nini? Inchi akauliza. Futi ama kaliper?

— Na kamashine kadogo kama redio. Kako na waya, na mbele ya waya kuna kitu kama kifungo ya koti. Anapaka bomba jeli, anaweka kifungo, namba inatokea. Anaandika hiyo namba na chaki juu ya bomba.

— Jeli! Eksirei akaruka. Hiyo naijua! Hiyo ni ile ya kuangalia mimba.

— Mimba ya bomba?

— Sijasema bomba iko na mimba. Nimesema mashine ni ile ile. Inatuma sauti ndani, sauti inagonga upande ule mwingine, inarudi. Kwa mama unaona mtoto. Kwa bomba unaona... unaona...

— Unaona nini?

— Unaona milimita.

Mbunge akasimama. Tukajua imekuwa kikao.

— Mwenyekiti, naomba kuuliza. Kabla ya hiyo jeli, fundi alifanya nini?

— Alisugua kutu na brashi ya waya mpaka chuma ikang'aa.

— Haya! Mmesikia wenyewe! Ameondoa unene kwa mkono yake, halafu anaandika ati unene umepungua!

— Kutu si chuma, Mbunge.

— Kwani ilitoka wapi, kwa mti? Nenda uangalie mlango ya choo yangu. Imepata kutu ikafura mpaka haifungi. Chuma ya kutu ni nene kuliko chuma mpya. Mimi naona hiyo bomba imekuwa ikinona tu hiyo miaka yote, mpaka leo huyo kijana alipokuja kuikondesha.

Kavutha alicheka, lakini Wathome hakucheka. Alizungusha kikombe mkononi bila kunywa. Inchi akaingia ndani ya duka lake, akatoka na kipande cha bomba jipya, akakiweka juu ya goti.

— Wacha niwaeleze polepole, alisema. Bomba ya inchi nne iko aina tatu. Iko laini, unene wake milimita tatu nukta sita. Iko ya katikati, nne na nusu. Na iko nzito, tano nukta nne. Kwa nje zote ni sawa, huwezi kujua kwa macho. Ndiyo maana kiwandani wanapiga mstari wa rangi. Kahawia ni laini, bluu ya katikati, nyekundu nzito.

— Na yetu ni rangi gani?

— Rangi ilitoka zamani, Wathome akasema. Sasa ni rangi ya kutu.

— Basi hapo ndipo kuna shida, Inchi akasema. Kama ilikuwa laini, hiyo mbili nukta tisa si mbaya, imepungua kidogo tu. Kama ilikuwa nzito, imeliwa karibu nusu, na inaendelea kuliwa.

— Kwa hivyo ni mzima ama ni mgonjwa?

— Sijui.

— Mimi najua hiyo kitu, Eksirei akasema. Unaweka watu wawili kwa mzani. Mmoja alizaliwa mwembamba, anakula, anacheka, hana neno. Mwingine alikuwa mnene na sasa anakwisha. Mzani inasema kilo ni ile ile. Daktari lazima aulize, ulikuwa na kilo ngapi mwaka jana?

— Sasa wewe uliza bomba.

Nadhani kila mtu alikuwa anajaribu kupata namna ya kuliuliza bomba. Kisha Inchi, ambaye angeweza kuachia hapo, akaongeza:

— Na tena kiwanda inaruhusiwa kukosea. Ukinunua ya nne na nusu, unaweza kupewa ya nne, na hakuna mtu amekuibia.

— Aiya! Hiyo si wizi?

— Ni ruhusa. Chuma haiwezi kutoka sawa kila mahali. Upande huu imezidi, upande ule imepungua. Kuna kiwango cha kupungua wamekubaliana.

— Na mimi nikikosea redio yako, nikamwuliza, utanipa ruhusa?

— Wewe huna kiwanda.

Mbunge alikuwa bado amesimama, na uso wake ulikuwa umepata mwanga.

— Ngojeni. Kila bomba imepungua kidogo, na ni ruhusa. Hizo vidogo zote za Kenya nzima zikikusanywa, si inatoka bomba ya kutoka hapa mpaka Athi River? Hiyo nayo iko wapi? Hiyo ni moja. Ya pili, ile chuma imeliwa ndani ya bomba yetu. Imeliwa na nani?

— Na maji.

— Na maji imeenda wapi?

Sote tukatazama vikombe vilivyokuwa mikononi mwetu.

— Tumekunywa! Sisi ndio tumekula bomba!

— Si uongo, Eksirei akasema. Hospitalini wamama wajawazito wanapewa tembe za chuma, ati damu ipande. Wa huku kwetu damu yao huwa nzuri sana. Nilikuwa nashangaa.

— Basi huyo fundi angepaka jeli sisi! Unene yote iko hapa kwa benchi!

Hapo hata mimi nilicheka. Wathome akaweka kikombe chini.

— Ninyi mnacheka. Mimi ndiye niko na ufunguo ya valvu. Nilimwuliza yule kijana, nifunge maji ama niwache? Akasema atapeleka namba Nairobi, zipigwe hesabu, jibu itakuja. Nikamwambia, na kabla ije? Akasema hiyo ni ya kamati. Akapanda gari.

— Wacha tu maji ikuje, Mbunge akasema, sasa kwa sauti ndogo. Ukifunga, wamama wataenda kuchimba mchanga wakitafuta maji kule mtoni, na huko kwenyewe kumekauka.

— Na zahanati? Eksirei akasema. Watazalisha watu na nini?

— Lakini ikipasuka pale juu? Inchi akasema. Presha ya kutoka mlimani si mchezo.

— Umesema si mbaya.

— Nimesema kama ni laini.

— Kwani wewe unaonaje, ni laini ama nzito?

— Mwanzo nilikuwa naona laini. Sasa sijui naona nini.

Wakati huo Kanini, mama yake Nzomo, alikuwa anapanda kutoka upande wa korongo. Si mtu wa benchi letu. Ni mjane anayeuza miche ya maembe, na nyumba yake ya matofali mabichi iko kwenye mteremko, chini kabisa ya pale bomba linapovuka. Alikuja akihema, khanga imemteleza begani, udongo bado mikononi. Alitusalimu sote, kisha akamgeukia Wathome.

— Mwenyekiti, watu wameandika juu ya bomba na chaki. Mimi sijasoma hizo za namba. Nauliza tu, leo mimi na watoto tulale ndani ama tulale nje?

Wathome akamtazama Inchi. Inchi akatazama kipande cha bomba kwenye goti lake. Eksirei alianza kusema jambo la mzani, akaliacha katikati. Mbunge akakaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikaa bila kuombwa.

— Mjibuni, Kavutha akasema.

— Mama Nzomo, Wathome akasema mwishowe, hatujui.

— Hamjui?

— Tumeongea tangu saa nane na hatujui. Mimi kwanza ndiye sijui kabisa.

Nilitarajia Kanini akasirike. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyepunguziwa mzigo nusu, akasema:

— Basi nisaidieni kutoa kitanda. Ni kizito.

Tukaenda sote, hata Inchi, ambaye hufunga duka lake kwa matanga tu. Tulibeba kitanda, kabati, sufuria na magunia ya mahindi, tukapandisha kwa Peris, dadake, ng'ambo ile. Mbunge alibeba kuku wawili, akalalamika njia nzima kwamba wanamdonoa. Wathome hakubeba kitu. Alipanda mlimani peke yake, na kabla jua halijatua mifereji yote ya mtaa ikakohoa hewa na kukauka.

Walimtukana wiki nyingi. Wamama waliporudi kutoka mtoni na mitungi nusu walipita mbele ya benchi letu makusudi, wakiongea kwa sauti. Mkewe mwenyewe aliacha kumsalimia hadharani. Jibu la Nairobi lilipofika lilisema kipande cha korongoni kibadilishwe, bila kusema kama kilikuwa na hatari ya leo au ya miaka kumi, na Inchi alilisoma mara nyingi akitafuta mahali limesema.

Siku ya kukata bomba tulikuwa pale. Nzuki, mchomeleaji vyuma wa mtaa, alilishusha chini, akaligonga na nyundo ili kutu idondoke. Pale palipoandikwa mbili nukta tisa palikuwa pazima, chuma safi. Lakini hatua chache mbele, upande wa tumbo, ambako hakuna aliyepaka jeli, gamba la kutu lilianguka na kuacha shimo, karibu kabisa na mwisho uliokatwa. Si kubwa. Kidole kidogo kingeingia.

Benchi zima likaanza tena. Inchi akasema hiyo sasa inaonyesha ilikuwa laini. Mbunge akasema inaonyesha ilikuwa nzito, maana chuma laini ingeisha yote. Eksirei akasema ni kidonda, na kidonda hakina uhusiano na kilo.

Wathome alishika mwisho mmoja wa bomba, Nzuki akashika ule mwingine, wakaliinua mpaka shimo likawa usawa wa uso wa Kanini. Kanini akafunga jicho moja, akachungulia kimshazari kupitia shimo mpaka nje ya mwisho uliokatwa, ulioelekea mteremkoni, kwa muda mrefu, bomba zima likiwa limewalemea mikononi.

— Unaona nini? Wathome akamwuliza.

— Naona nyumba yangu, akasema.