Enid Wragby na Mawe ya Makaburi ya Pellingdon

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza mawe ya makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Botolph, hapa kijijini Pellingdon, Bi. Enid Wragby anarudisha ufunguo wa stoo na kustaafu. Kamati ya kanisa imeniomba mimi, Roland Tebbutt, mwashi wa kanisa, niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko mimi. Hawakuniuliza kama nilimpenda.

Kazi ile niliitaka mimi. Baba yangu aliifanya, na babu kabla yake. Kisha akaja Enid kwa baiskeli kutoka mji wa Lincoln, na ndoo, burashi laini na kioo cha kabati la nguo, na kazi akapewa yeye. Mimi nikabaki na kuta na paa.

Wiki ya kwanza alikwenda kwenye jiwe la mwaka 1741 lenye farasi aliyechongwa. Baba alikuwa amewasimulia wageni kwenye baa kwa miaka arobaini kwamba pale amelala mwizi wa farasi. Enid akaligeuzia kioo, mwanga wa jua ukalimulika jiwe kutoka ubavuni, na herufi zilizofutika zikajitokeza moja moja. Marehemu alikuwa mganga wa farasi, aliyetibu wanyama wa maskini bila malipo. Kijiji kizima kilicheka. “Roland, mwizi wa baba yako kumbe daktari!” Nilicheka nao, roho ikiniuma.

Tangu hapo sifa zilikuwa zake. Alisimamisha mawe sitini na moja yaliyoinama, na mawe mapya akayachonga herufi kwa mkono wake. Aliwaokoa malaika waliochongwa kwenye sleti, lile jiwe jeusi la matabaka, waliokuwa wakibanduka kwa jalidi ya usiku wa baridi, na kamati ilipotaka mawe yote yalazwe ili mashine ya kukata nyasi ipite, aliketi mbele ya mashine na chupa yake ya chai hadi dereva akaenda zake. Wageni walikuja kwa mabasi kumwona. Mimi ndiye niliyewaonyesha choo.

Lakini lililonichoma ni la mama yangu. Alipougua mara ya mwisho, nilimwambia jiwe lake nitalichonga mwenyewe.

“Usinikasirikie, mwanangu,” alisema. “Nimeshamwomba Enid.”

“Mama! Mimi nipo!”

“Herufi zako zina haraka, Roland. Mimi nitalala pale muda mrefu.”

Baada ya mazishi nilimfuata Enid stoo, nikamsihi aniachie. Hakuinua macho kutoka kwenye sleti.

“Mama yako alikuja hapa kwa miguu yake, na mkongojo, akachagua jiwe,” alisema. “Nikupe wewe, nimwambie nini?”

“Amekufa, Enid. Hutamwambia kitu.”

“Ndiyo maana siwezi kumdanganya.”

Kwa mwaka mzima sikumsalimu. Alinisalimu kila asubuhi, na kila asubuhi nilijifanya natafuta nyundo.

Siku moja ya mvua nilikwenda kaburini, nia yangu ikiwa kutafuta kosa. Nilipiga magoti kwenye matope, nikapitisha kidole ndani ya kila herufi ya jina la mama, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kosa sikuliona. Nililia, na sijui hadi leo nilimlilia mama au wivu wangu.

Sasa kamati imenipa mimi kazi yake. Nina miaka sitini na moja. Nilichokitamani tangu ujana kimekuja, na herufi zangu bado zina haraka. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Enid, nikasimama mlangoni na kofia mkononi, nikamwomba anifundishe kuchonga herufi.



“Umechelewa miaka thelathini na miwili, Roland.”

“Najua.”

“Jumatatu, saa tatu. Na unoe patasi zako, nimeziona, ni aibu.”

Wanaparokia wenzangu, mshukuruni pamoja nami mwanamke aliyewarudishia wafu wetu majina yao. Bado namwonea wivu, na sidhani utaisha. Enid, tunakuombea afya, macho makali na chai isiyopoa. Pumzika upendavyo, siku yoyote isipokuwa Jumatatu.