Bi Mwanaarusi na Malka ya Ndizi

Ijumaa tarehe 31 Januari 2025, saa sita mchana, Bi Mwanaarusi Shee atakabidhi funguo za masijala ya Kituo cha Maji na Malisho, Garsen, na kustaafu baada ya miaka thelathini na miezi minne ya utumishi. Katika muda huo wote alipoteza faili moja. Ilipatikana siku mbili baadaye ndani ya gari la mkuu wa kituo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Bi Mwanaarusi ni mzaliwa wa Kipini. Aliajiriwa Septemba 1994 kama karani msaidizi, akapanda hadi karani mkuu wa masijala mwaka 2006, na hapo ngazi ikaisha. Amefanya kazi chini ya wakuu wa kituo tisa. Wote tisa walikuja na mpango wa kuipanga upya masijala, na wote walihamishwa kabla ya kujua swichi ya taa iko wapi. Kwa faida ya mkuu wa kumi, iko nyuma ya kabati la pili.

Lakini tusidanganyane. Watakaojaa uwanjani siku hiyo hawaji kwa sababu ya faili. Wanakuja kwa sababu ya pai za matunda, na kwa sababu ya swali ambalo limetukosesha raha tangu barua yake ya kustaafu ilipofika Julai iliyopita: yeye akiondoka, nani atapanga malka?

Tuanze na pai. Msimu wa maembe, wakulima wa vijiji vya Wema na Kulesa huleta barua zao ofisini pamoja na gunia. Barua ina faili yake, gunia halina. Bi Mwanaarusi, ambaye hawezi kuona kitu kimekaa bila mahali pake, alianza kubeba maembe hayo hadi nyumbani kwake nyuma ya soko na kuyaokea pai. Hakuwa na oveni, na hana hadi leo. Huoka ndani ya sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Kwa joto la Garsen siagi huyeyuka kabla haijaufikia unga, kwa hiyo siagi yake hukaa ndani ya kopo lililotumbukizwa kwenye mtungi wa maji, na unga huukanda mara tu baada ya sala ya alfajiri. Embe huchagua lililoiva nusu, akalikata vipande vyembamba na kuvikunja kimoja kimoja hadi viwe waridi. Ndizi huzipaka ndimu zisigeuke nyeusi. Papai hulipangusa kwa kitambaa, kwa sababu papai likiachia maji, anasema, utakunywa pai kwa kikombe. Mwisho hupaka sukari iliyochemshwa, na kazi yote inang'aa. Kila aliyehamishwa kutoka kituo hiki aliondoka na pai yenye waridi, hata wale tuliofurahi kuwaona wakienda.

Sasa malka. Kila Januari, kiangazi kikianza, kituo huwaita wafugaji na wakulima kupanga malka, yaani njia ambazo mifugo hupitia katikati ya mashamba kwenda kunywa maji mtoni. Zikipangwa vizuri, ng'ombe hunywa na mahindi husimama. Zikipangwa vibaya, watu huzikwa. Hatutaeleza zaidi ya hapo, maana kila msomaji wa jarida hili ana jina la mtu wake.

Mwaka 2011 mkutano ulifika tukiwa hatuna ramani. Ile ya kituo ilikuwa imelowa kwenye mafuriko hadi mto ukawa na rangi moja na nchi kavu. Bi Mwanaarusi aliagizwa kuleta kitu cha kula na chai, basi. Alileta pai pana kama sinia. Juu yake palikuwa na mto wa embe wenye mapindo yake yote, mashamba ya papai kandokando, na mistari mitatu ya ndizi ikiteremka hadi mtoni. Mpaka leo anashikilia kwamba hakuchora ramani. Anasema alikuwa ameitoa kabatini ile ramani kwa miaka kumi na sita, na mikono ilikwenda ilikozoea. Tunamwamini, kiasi.

Wazee waliiacha chai ipoe. Mzee Dado Godana, msemaji wa wafugaji wa Orma, alianza kuonyesha njia zake kwa ncha ya fimbo. Mzee Silas Buya, mkulima wa Kulesa, ambaye alikuwa ametembea tangu asubuhi na tumbo tupu, alichukua kipande kilichokuwa karibu naye akala. Kilikuwa ni malka ya Kulesa.

"Huyu mzee amekula njia ya ng'ombe!" alisema Mzee Dado, na wafugaji wote wakasimama.

Mzee Silas alijitetea kwamba yeye alikula ndizi. Hakusikilizwa. Upande mmoja ulidai njia irudishwe, upande wa pili ukadai kipande kilicholiwa hakirudishwi, na mkuu wa kituo akatoka kwenda kupiga simu, asirudi. Kwa kweli tuliogopa. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kuteremka kutoka upande wa Chewele, wana kiu, na ng'ombe mwenye kiu hangoji kumbukumbu za mkutano. Bi Mwanaarusi alichukua sinia lake, akaenda nyumbani akawasha mkaa. Baada ya adhuhuri alirudi na pai ya pili, ileile kwa kila kitu. Mzee Dado akaiangalia. Kisha, bila haraka, mbele ya watu wote, akalichukua shamba zima la Mzee Silas akalila. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Sasa sawa," alisema.

Kumbukumbu zinaonyesha kwamba makubaliano yalitiwa saini saa tisa na robo.

Wiki iliyofuata Bi Mwanaarusi aliletewa barua ya kujieleza. Ilimtaka aseme ni kwa nini karani wa masijala alitengeneza ramani ya mipaka bila idhini, tena kwa kitu kisichoweza kuhifadhiwa kwenye faili. Wakati huo alikuwa mjane mwenye binti chuoni, Bahiya, na siku kumi na nne alizopewa hakulala vizuri hata moja. Jibu lake lina mistari minne: kwamba aliagizwa alete kitu cha kula, akaleta, kikaliwa, na hakuna nakala iliyobaki. Barua zote mbili alizifaili mwenyewe, chini ya Viburudisho. Mkuu yule alihamishwa Machi. Alipewa pai.

Tangu hapo kila Januari mkutano umefanyika juu ya pai. Mwaka mmoja tuliletewa ramani mpya kutoka Nairobi, ya rangi, iliyofunikwa kwa nailoni. Mzee Dado aliitazama kwa adabu, akauliza kama aliyeichora amewahi kuona ng'ombe. Ramani hiyo sasa inazuia vumbi dirishani.

Ndiyo maana barua ya Julai ilitutia wasiwasi. Uamuzi wa kituo ulikuwa kwamba mwandishi wa makala haya, Kanze Katana, karani msaidizi, aende kufundishwa. Kanze alikwenda nyumbani kwa Bi Mwanaarusi Jumamosi sita. Jumamosi ya kwanza siagi iliyeyuka na Wema yote ikafunikwa. Ya pili mto uliishia Kulesa, haukufika baharini. Ya tatu haisemeki. Bi Mwanaarusi alizila zote, akasifu chai. Jumamosi ya sita pai ilitoka safi, waridi zimesimama, malka zimenyooka, na Kanze akampelekea Mzee Silas aionje kwa macho. Mzee aliizunguka mara mbili.

"Ni nzuri, mwanangu," alisema. "Lakini hii umepanga wewe. Mimi na wewe hatujagombana bado."

Kanze alirudi na pai yake kwa bodaboda, mapajani, na hakumweleza mtu kwa siku tatu. Tulifika Desemba bila jibu. Bi Mwanaarusi mwenyewe hakuonekana kuhangaika, jambo ambalo lilituudhi sana.

Jumanne tarehe 14 Januari wazee walikaa. Bi Mwanaarusi aliingia na pai tupu: unga uliookwa, wenye ukingo uliofinywa vizuri, na juu yake hakuna kitu. Pembeni akaweka bakuli tatu, ya embe, ya papai na ya ndizi. Akapitisha birika na beseni, kila mzee akanawa mikono. Kisha akaenda kuketi nyuma kabisa, karibu na mlango, akafungua daftari la kumbukumbu.

"Mama, mto uko wapi?" aliuliza Mzee Dado.

"Wekeni nyinyi. Mimi mwezi ujao sipo."

Mzee Silas ndiye aliyeanza. Alichukua vipande vya embe akapanga mto, akabishiwa pindo la Wema, akalipindua. Mzee Dado aliweka ndizi. Mzee Silas akaisogeza kidogo, akisema hapo pana migomba ya mwanawe. Mzee Dado akairudisha nusu. Walisukumana hivyo kwa saa mbili, vidole vinanata, sauti zikipanda na kushuka, na hakuna aliyesimama. Mwishowe malka ya Kulesa ilionekana nyembamba mno kwa kundi la kiangazi, na kila mtu alijua hivyo. Mzee Silas aliitazama. Akatoa vipande viwili vya papai kutoka shamba lake mwenyewe, akavirudisha kwenye bakuli, na mahali pake akaweka ndizi.

Ilikuwa pai mbaya kuliko zote zilizowahi kuingia ofisini. Ndizi zilikuwa zimegeuka nyeusi na unga umelowa. Walitia saini. Bi Mwanaarusi alikuja mbele, akaitazama kwa muda, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Alisema mto umepinda vibaya pale Kulesa. Hakuugusa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi Mwanaarusi, tunakushukuru, na tunakiri kwamba tutakulilia. Mungu akupe afya, wajukuu wenye adabu na siku ndefu za raha huko Kipini. Mkutano ujao wa malka ni Januari. Hatutakuita.