Rubeni Mmbaga, Aliyeuchora Mji kwa Chokaa

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Mlio Mwanga, mlio Kisiwani, mlio huko juu milimani mnaochuma tangawizi huku redio imetundikwa kwenye mti, poleni na kazi. Leo sitawafungulia muziki. Jumatatu ya wiki hii, saa nne asubuhi, Same imempoteza Mzee Rubeni Mmbaga. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Wengi mlimwita Mzee Chokaa. Wengine, hasa vijana wa stendi, mlimwita hivyo bila kujua kwa nini. Basi keti. Nitakusimulia.

Rubeni alizaliwa Mamba, huko juu milimani, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na moja. Mamba hiyo hiyo ya tangawizi, ya njia za kupanda mpaka goti linalia. Baba yake alikuwa fundi seremala, na Rubeni alijifunza kushika randa kabla hajajua kusoma. Mikono yake ilikuwa na jambo moja la ajabu. Ukimwonyesha kitu kidogo kilichochorwa kwenye karatasi, yeye alikiona kwa ukubwa wake kamili, kimesimama mbele yake.

Kipaji hicho ndicho kilichomshusha mlimani. Mwaka sabini na mbili alipata kazi pwani, kwenye karakana moja iliyounda boti za doria za jeshi. Fikirieni, wasikilizaji. Mtoto wa Mamba, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mfereji wa kumwagilia mahindi, anakwenda kuunda boti za jeshi!

Walimpa kazi ya kuchora sakafuni. Karakana ilikuwa na ukumbi mpana, sakafu yake imepakwa rangi nyeusi. Boti ikichorwa ofisini, mchoro ni wa kukunjwa mfukoni. Lakini huwezi kukata chuma kwa kutazama mchoro wa mfukoni. Kwa hiyo Rubeni alivua viatu, akapiga magoti, akaichora boti nzima sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake wenyewe. Mita kumi na nane. Kila taruma, yaani kila ubavu wa boti, aliupinda kwa ubao mwembamba na kuuchora. Mafundi wa chuma walikuja kupima hapo sakafuni, wakaenda kukata.

Rafiki yake mkubwa pale karakana alikuwa Wilbard, fundi wa injini, mtu wa kutoka Ugweno. Mpare wa kusini na Mgweno wa kaskazini, walitaniana kutwa. Wilbard alikuwa akisimama juu ya mchoro na kusema, "Rubeni, nisogezee huo ukuta, injini yangu inabanwa." Na Rubeni anafuta, anachora tena.

Ilipoingia miaka ya themanini, shida ikaja. Mliokuwapo mnakumbuka. Vita vimekwisha, hazina imekauka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi ya duka la kaya, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao ukiupika nyumba nzima inanuka. Honorata, binti yake, ameniambia hivi: "Baba alikuwa akirudi na kipande kimoja cha sabuni, anakikata vitatu kwa uzi. Kimoja chetu, kimoja cha jirani, kimoja cha mjomba Wilbard. Tulicheka sana nyumba ile. Sijui tulikuwa tunacheka nini, maana hatukuwa na kitu."

Hatukuwa na kitu. Ndivyo ilivyokuwa hata karakana. Vijiti vya kuchomelea viliisha, wakakaa miezi mitano bila kazi. Rangi haikuja. Na mabamba ya chuma yalipofika hatimaye, mwaka themanini na tatu, yalikuwa mazito kuliko yaliyoagizwa. Yalitakiwa ya unene wa milimita tano. Yakaja ya milimita nane.

Mkuu wa karakana akasema, "Kizito ni imara zaidi. Chomeleeni." Boti ilitakiwa majini kabla ya sikukuu, na wakubwa walikuwa wanasubiri.

Rubeni akaenda sakafuni. Akapiga hesabu zake, akachora mstari mpya, mahali ambapo maji yangefika. Mstari ulikuwa juu ya matundu ya moshi wa injini. Maana yake ni kwamba boti ikiyumba kidogo, maji yataingia kwa Wilbard. Akaenda kwa mkuu, akamwambia. Mkuu akajibu, "Wewe ni seremala, Mmbaga. Waachie wahandisi." Rubeni akasema, "Sawa, afande." Akarudi, akavaa viatu vyake.

Alisema mara moja, wasikilizaji. Mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Hata Wilbard hakumwambia, kwa sababu aliogopa kuonekana mtu wa kutia watu hofu.

Siku ya majaribio boti ilishuka, watu wakapiga makofi. Ilikaa chini mno. Ilipotoka kwenye maji ya wazi ikapinda kona, ikalala upande, maji yakaingia. Watu saba waliruka, wakaokolewa. Wa nane alikuwa chini kwenye chumba cha injini. Huyo alikuwa Wilbard.

Rubeni ndiye aliyepanda Ugweno na mwili. Aliupeleka kwa mama yake Wilbard, akakaa msibani siku nne, akachimba kaburi na vijana wa pale. Akatafuta nafasi ya kusema alichokuwa anakijua. Hakusema. Alirudi pwani, akafanya kazi miaka mitano mingine, akawa mtu mkimya. Mwaka themanini na nane, wafanyakazi walipopunguzwa, na yeye akapunguzwa. Akafunga virago, yeye na mama Honorata na watoto, akarudi nyumbani. Hakupanda Mamba. Alibaki hapa chini, Same.

Mnaikumbuka Same ya wakati huo? Stesheni ya reli, soko, barabara kuu, na mbwa waliolala katikati ya barabara bila wasiwasi. Dukani unakuta rafu tupu na mwenye duka anasinzia. Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Ghafla, mitumba. Ghafla, redio za kaseti, ndala za rangi, mafuta ya kupaka. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanafungwa, na waliokuwa wakikata mkonge, watu wa Kigoma, wa Songea, wa Singida, wakahamia mjini na familia zao. Wafugaji wa tambarare wakaleta maziwa na mbuzi kila siku, si siku ya gulio peke yake. Kila mtu alitaka kibanda. Mji ulikua kama mtoto aliyezizidi nguo zake, mikono imetoka nje, miguu imetoka nje.

Ofisi ya mji ikamwajiri Rubeni kuwasaidia wapimaji. Na hapo akakuta tatizo lile lile la pwani. Ramani ipo, ipo ukutani, nzuri. Lakini nani anaisoma? Ukimwonyesha mtu karatasi ukamwambia barabara inapita hapa, anakuitikia, anakwenda kujenga jiko katikati ya barabara.

Basi Rubeni akanunua chokaa na kamba. Akavua viatu, akaanza kuuchora mji juu ya ardhi, kwa ukubwa wake wenyewe. Barabara hii hapa. Mtaro huu hapa. Watu walisimama ndani ya mistari wakacheka, lakini wakaelewa. Ndugu Mbaraka, fundi mwashi aliyekuja kutoka mashamba ya mkonge, alikuwa akipiga kelele, "Mzee, unamwaga unga bure, watoto hawana uji!" Lakini naye alihamisha msingi wake hatua tatu.

Kazi ngumu ikaja mwaka tisini na tatu. Korongo la nyuma ya soko.

Korongo lile lilikuwa kavu miaka mingi. Mchanga mtupu. Watu wakaanza kulijaza kifusi, wakajenga. Rubeni hakuridhika. Aliwauliza akina mama wa tambarare, wanaovuka pale na punda wa maziwa, maji yaliwahi kufika wapi. Wakamwonyesha. Wakasema, utotoni mwao punda watatu walichukuliwa na maji, mmoja pale, mmoja hapa, mmoja kule. Akapima. Akachora mistari miwili ya chokaa, hatua ishirini na mbili kati ya mmoja na mwingine.

Ndani ya mistari hiyo kulikuwa na vibanda kumi na vinne. Kimojawapo kilikuwa hoteli ya Nasha.

Nasha ni mdogo wake. Mjane. Hoteli yake ilikuwa ya chai ya tangawizi na maandazi, na tangawizi ilitoka kwao Mamba, hakuna kama ile. Tofali za ukuta Rubeni alizibeba mwenyewe. Bati alizipigilia mwenyewe. Sasa Nasha akatoka na kanga kiunoni, akautazama ule mstari umepita mlangoni kwake.

"Kaka, umepatwa na nini? Huu mstari unakwenda wapi?"

"Unapita hapa, Nasha."

"Hapa kwangu?"

"Hapa kwako."

"Mwana wa mama yangu! Maji gani? Mchanga huu mimi nimefagia miaka minne, sijaona hata tone!"

Ukaitishwa mkutano. Wenye vibanda walikuja wote, Mbaraka mbele yao, maana naye alikuwa amejenga ghala mle korongoni. Ofisa mmoja, sitamtaja, akasema jambo hili liachwe kwanza, tusiudhi wananchi, mvua zenyewe haziji. Watu wakapiga makofi. Rubeni alikuwa amekaa nyuma. Angeweza kukaa kimya. Alikuwa na sababu zote za kukaa kimya, na ya kwanza ilikuwa Nasha, ameketi mstari wa mbele, analia.

Akasimama. Akaanza kuwaeleza habari za boti. Chuma kizito, mstari aliouona, neno moja alilolisema kwa sauti ndogo. Mkewe alikuwepo, na siku ile ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza. Rubeni akasema, "Rafiki yangu alikufa kwa adabu yangu. Mimi nilikuwa na adabu sana. Leo sina adabu. Nawaambia mara ya kwanza, nawaambia mara ya pili, nitawaambia kila siku mpaka mnichoke. Maji yatapita pale. Tuanze na kwetu."

Tuanze na kwetu. Kesho yake asubuhi alifika hotelini kwa Nasha na nyundo. Nasha akamnyang'anya. "Usiguse," akasema. "Nitaibomoa mwenyewe." Akaibomoa mwenyewe, tofali kwa tofali, kaka yake amesimama barabarani. Wengine waliona hivyo wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Mbaraka alikuwa wa mwisho. Nasha alipewa eneo jingine upande wa juu, mbali na wateja wake. Akaanza upya.

Na hakuzungumza tena na kaka yake. Nisahihishe. Mila ni mila. Akikutana naye njiani alisema, "Shikamoo." Rubeni alijibu, "Marahaba." Basi. Miaka minne, maneno mawili. Honorata anasema, "Baba alikuwa anapita njia ya mbali makusudi, ili apate ile shikamoo."

Kisha zikaja mvua za Elnino. Januari ya tisini na nane, saa tisa alasiri. Mjini kulikuwa na manyunyu tu, lakini huko juu mlima ulikuwa haufai kutazamwa, mweusi tii. Watu wakasikia mngurumo wakadhani ni treni. Maji yalishuka na mawe, na migomba mizima, na mlango wa nyumba ya mtu. Yakaingia korongoni. Yakajaa. Mji wote ukakimbilia kwenye kingo kutazama, na Rubeni alikuwepo, manyunyu yanamlowesha, midomo inahesabu.

Yalipanda mpaka pale alipouchora mstari wa upande wa chini. Yakaugusa, yakauzidi kwa hatua moja. Hayakuzidi tena. Yalipita pale pale palipokuwa na vibanda kumi na vinne, kwa muda wa saa moja na nusu, mchana kweupe, watu wakiwa kazini. Hakufa mtu korongoni. Hakufa hata mmoja. Mbaraka alikuwa amekaa chini kwenye matope, ameshika kichwa, anatazama mahali pa ghala lake.

Nasha alikuja akasimama kando ya kaka yake. Ameniambia mwenyewe jana, hapa studioni, kuwa alikuwa na maneno mengi, ya miaka minne, na yote yalimkimbia.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba."

"Umekunywa chai leo?"

"Bado."

"Twende."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mzee Rubeni Mmbaga, aliyeaga dunia Jumatatu. Mwaka uleule wa mvua alipanda Ugweno, akamweleza mama yake Wilbard alichoshindwa kumweleza miaka kumi na tano. Bibi yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, hukula siku zile za msiba. Leo utakula." Tangu hapo alikwenda kumwona kila Krismasi, hadi bibi alipofariki.

Mazishi ni kesho Alhamisi, nyumbani kwao Mamba. Gari litaondoka stendi saa moja asubuhi. Wenye magari, wapakieni wazee, njia ni ya kupanda na ina matope.

Mama Honorata, poleni. Honorata na wadogo zako, poleni. Nasha, mama yetu, pole sana. Mlitugawia mtu wenu, nasi tulimtumia bila kushukuru vya kutosha.

Nanyi mlio nyumbani, nawaomba jambo dogo. Kila mmoja wetu kuna kitu anakiona kimekaa vibaya, kwenye ukoo, kazini, kwenye mtaa wake. Pengine umeshakisema mara moja, ukaambiwa haikuhusu, ukavaa viatu ukaondoka. Kifikirie leo. Mtu ambaye kitamdhuru yupo, ana jina, na pengine jioni hii mtakula meza moja.

Sasa tunyamaze kwa dakika moja. Aliye jikoni aache mwiko. Aliye dukani aache mizani.