Mama Martina na Mapichi ya Kulaza

Baada ya miaka ishirini na sita jikoni kwetu, Mama Martina Mkude anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1996. Wengi wetu tulimkuta hapa chuoni, tukamwamkia shikamoo, tukapewa sahani, na tangu siku hiyo tumenenepa.

Aliajiriwa mwaka 1970 kuosha vyombo, akitokea Mgeta, na akapanda hadi kuwa mpishi mkuu. Wali wake hauna mpinzani, lakini jina alilipata kwa mapichi. Kule kwao huchumwa yangali magumu, la sivyo yangefika mjini yamepondeka ndani ya lori. Ukiyang'ata hivyo hivyo unaweza kuacha jino. Mama Martina huyakata vipande, huyanyunyizia sukari, hukamulia ndimu, kisha hufunika beseni na kuyaacha yalale. Asubuhi yamelainika, yanaogelea kwenye mchuzi wake yenyewe. Miaka ile sukari ilipotafutwa kwa tochi, aliyalaza kwenye maji ya miwa, na hakuna aliyelalamika.

Kufikia Desemba 1993 maduka yalikuwa yamejaa matunda ya kopo kutoka nje, na uongozi ukataka jiko likabidhiwe mzabuni. Mama Martina na wenzake wote wangepunguzwa kazi. Aliomba jambo moja tu, kamati iliyopewa suala hilo ije ile kwanza, ndipo iamue. Akalaza beseni zima.

Tatizo lilikuwa mapenzi yetu. Asubuhi kila mfanyakazi alipita jikoni kumtakia heri, na kila mmoja aliomba kijiko kimoja tu, naye hajui kumnyima mtu. Bwana Laurenti wa uhasibu alimtakia heri mara tatu. Kamati ilipoketi, beseni lilibaki na mchuzi mtupu.

Aliumia, na tulimwona akijifuta macho kwa aproni. Kisha akaumimina ule mchuzi kwenye glasi, akaongeza maji baridi, akawapelekea.

Mwenyekiti wa kamati, Bi. Salma, alikunywa hadi tone la mwisho. "Na matunda yenyewe yako wapi, mama?"

"Wameyamaliza watu wa hapa, mwanangu. Walikuja kuniombea heri."

Bi. Salma alicheka mpaka akavua miwani. "Jiko linalodokolewa hivi," akawaambia wenzake, "nani atathubutu kulifunga?" Mpango wa mzabuni ukaishia hapo, na hakuna aliyepoteza kazi.

Tangu wakati huo amemfundisha kazi Doreen, anayeshika nafasi yake. Lakini kwa miaka yote hiyo Mama Martina mwenyewe aliambulia mchuzi wa chini ya beseni, maana vipande vilikuwa vimekwisha.

Mama Martina, asante kwa kutulea. Tutakukosa sana. Nenda Mgeta ukapumzike, na uzee wako uwe mtamu na wenye afya. Beseni alilolaza Doreen jana liko hapo mezani, limefunikwa. Tumeliwekea walinzi, na Bwana Laurenti tumemkalisha mbali. Leo kijiko cha kwanza ni chako.